Mama Alipopelekwa Nyumbani Angali Hai

Mwaka huu akina mama wa kanisani kwetu waliniomba nizungumze kwenye semina yao. Mada waliyonipangia ilikuwa uvumilivu wa mwanamke Mkristo katika maisha ya kila siku. Mwenyekiti wao alinifuata dukani, akasubiri mafundi wawili waliokuwa wakinibishia bei ya zipu waondoke, kisha akaniambia kwamba mimi ni mfano. Kila mtu aliona nilivyomuuguza mama yangu, alisema, nilivyofungua duka kila siku, nilivyokuwa sikosi ibada, na hata msiba ulipokuja sikutetereka. Nilimshukuru, nikamkatalia. Alidhani naona aibu ya kusimama mbele za watu. Mtu aliyebishana na mafundi cherehani wa Kariakoo miaka yote niliyobishana nao mimi, aibu hiyo ilimtoka zamani. Nilikataa kwa sababu ningeyasema ninayoyajua, na semina ingeharibika.

Basi nayaandika hapa, ambapo hakuna atakayelazimika kunipigia makofi.

Duka langu ni fremu nyembamba, mwendo mfupi kutoka sokoni. Nauza vifaa vya ushonaji: zipu, vifungo, uzi, bitana, lastiki. Naishi ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo, jengo la zamani lisilo na lifti. Mimi ni mjane, na wanangu wameshaoa na kuolewa, wana kwao. Fremu aliniachia mama. Yeye na baba walikuja mjini kutoka Machame wakiwa vijana, baba akawa mlinzi wa bohari, mama akauza ndizi za kupika zilizokuwa zikishushwa na malori kutoka nyumbani. Alikaa chini, juu ya gunia, jua likimpiga, mvua ikimpiga, na ndizi hizo ndizo zilizotusomesha na kuwapa kaka zangu wawili mtaji. Kaka mkubwa leo anauza vyombo vya plastiki kwa jumla, mitaa michache kutoka kwangu. Wa pili ana duka la spea Buguruni. Wana magari, wana nyumba nje ya mji zenye geti, na kila mmoja akisimulia alivyofanikiwa husema alianza na sifuri. Mama alikuwa akiwasikiliza wakisema hivyo huku akitabasamu. Mimi nilikuwa sitabasamu.

Kiharusi kilimpata kanisani, kwenye benchi, mahubiri yakiendelea. Waliokaa karibu naye walidhani amesinzia, kwa kuwa mchungaji wetu wa wakati ule alipenda kurefusha. Waligundua wakati wa sadaka, kila mtu aliposimama na yeye hakusimama. Upande wa kushoto ulikufa ganzi. Ulimi ulirudi baada ya wiki kadhaa, mzito kidogo, lakini akili haikuondoka hata siku moja. Watu walimshukuru Mungu kwa hilo. Baadaye niliona kwamba ingekuwa nafuu kwake kama angekuwa haelewi.

Nilimchukua kwangu. Hakuna aliyemgombania nami.

Siku yetu ilikuwa na njia yake na haikubadilika. Iliyotuamsha ni adhana ya msikiti wa mtaani, sisi Walutheri wawili ghorofani. Nilikuwa nawasha jiko la gesi, nachemsha maji, nayapoza kwenye ndoo, namwosha mama kuanzia usoni kushuka chini, namkausha vizuri kwenye mikunjo, nampaka mafuta ya mgando mgongoni na kwenye visigino. Namgeuza, nanyoosha shuka. Nesi mmoja alinionya mapema kwamba adui wa mtu wa kitandani ni shuka lililokunjamana, nami nikalichukulia onyo hilo kama amri ya kumi na moja. Halafu uji wa ulezi, kijiko baada ya kijiko, kwa upande wa kulia wa mdomo. Halafu wimbo. Mama aliimba kwaya sauti ya pili maisha yake yote na hakukubali kuimba nyingine hata tukiwa wawili tu, kwa hiyo mimi, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta, ndiye niliyelazimika kuongoza. Halafu yeye anasali. Sala zake zilikuwa ndefu na za kikazi. Alituombea watoto kwa kufuatana tulivyozaliwa, kisha majirani, kisha mafundi wanaodai kwamba zipu zangu ni mbovu, kisha mgambo wa jiji aliyewahi kumwagia ndizi zake mtaroni, ambaye alimsamehe upya kila asubuhi kwa sababu kila asubuhi alikuwa amemkasirikia upya. Baada ya hapo nilishuka kufungua duka.

Naomba nieleweke hapa. Sikuifanya kazi hiyo kwa furaha. Zipo asubuhi nilizoichukia ngazi, nikauchukia uji, nikamchukia hata mama kwa muda mfupi wa kumwinua. Semina zinapenda kutuambia kwamba imani humpa mtu nguvu, naye kwa nguvu hizo huamka na kutenda. Kwangu ilikwenda kinyume. Maji yakishachemka, lazima umwoshe mtu. Ukishamwosha, lazima umlishe, na akishashiba anaanza wimbo, nawe huwezi kumwacha aimbe sauti ya pili peke yake kama kichaa. Katika mpango huo hakukuwa na nafasi ya kusimama na kujiuliza kama nina imani. Nikija kushtuka, niko dukani na saa imekwenda. Tulivuka mwaka na nusu namna hiyo, na mgongo wa mama haukuwahi kuchubuka.

Mchana aliyekuwa akinisaidia ni jirani yangu wa mlango wa pili, Mwislamu wa Lindi, mpika chapati. Alikuwa akiingia na kumgeuza mama, anampa maji, anakaa kidogo wanapiga soga. Mama alimpenda sana. Waligombana juu ya dini mara moja tu, na ugomvi wenyewe ulihusu kama peponi kutakuwa na chapati.

Sasa lazima nieleze jambo letu sisi watu wa Kilimanjaro, kwa sababu asiye wa kwetu hatanielewa. Sisi hatuzikwi mjini. Mtu anaweza kuishi Bongo tangu ujana mpaka uzee, akajenga, akazeeka, lakini kaburi lake liko kule kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba, karibu na baba zake. Mtu akifia Dar, kuna gari la maiti, kuna sanduku, kuna vikao na michango na msafara wa siku nzima barabarani. Kwa hiyo mgonjwa akionekana hana muda mrefu, watu wenye akili humrudisha nyumbani angali anaweza kukaa kwenye kiti. Husemwa ni kwa ajili ya hewa. Husemwa amekumbuka migombani. Hakuna anayetamka kile ambacho wote wanakijua. Katika jengo letu nimeshuhudia wazee kadhaa wakiteremshwa hivyo, wamevishwa sweta kwenye joto la Kariakoo, na kila aliyekutana nao kwenye ngazi alijua kwamba hawatapanda tena.

Mama mwenyewe alimpeleka baba namna hiyo. Baba alikuwa anaumwa ini, tumbo limejaa, na mama akamwambia wanakwenda kubadilisha hewa. Baba alimtazama kwa muda, akauliza sweta lake liko wapi. Alikufa kabla mwezi haujaisha. Tulimzika bila haraka na bila usumbufu, na ukoo mzima ulimsifu mama kwa busara. Nadhani ndiyo maana kaka zangu waliamini kwamba jambo hili lina kipimo chake, kwamba mtu akishapelekwa anamaliza ndani ya wiki chache.

Walikuja Jumapili mchana, baada ya ibada, wote wawili, na wake zao wamebaki kwenye gari. Hilo peke yake lilinitosha kujua kwamba si matembezi. Nikawapa soda. Chumba cha mama kilitengwa na sebule kwa pazia tu, na walikaa upande wa mbali, wakazungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaoamini kwamba kiharusi huziba na masikio. Kaka wa pili alisema daktari amesema hali inaweza kubadilika wakati wowote. Kaka mkubwa alisema kule kuna hewa safi, kuna nafasi, nyumba ya mama imekaa bure, atatafutwa binti wa kumhudumia. Alisema na mimi nimechoka, inaonekana usoni. Hapo ndipo nilipokasirika, kwa sababu katika mwaka na nusu hakuwahi kuniangalia usoni kwa muda wa kutosha kuuona uchovu wangu.

Nikamwambia aache kuzungumzia hewa. Nikamwambia aseme anachokitaka kwa Kiswahili cha kawaida.

Aliweka soda chini. "Dada, wewe unataka tumpeleke kwenye sanduku?"

Nilimjibu kwamba mimi sitaki apelekwe kabisa. Nilisema mama anakula, anaimba, anasamehe mgambo, na mtu wa namna hiyo hapelekwi kusubiri. Nilisema kama ni gharama za baadaye, Mungu atajua baadaye. Kaka wa pili akasema nisimwingize Mungu kwenye mambo ya mipango. Nakumbuka niliinuka, na nilikuwa karibu kusema jambo kuhusu mtaji wao na gunia la ndizi, jambo ambalo lingevunja ukoo.

Mama akasema kutoka nyuma ya pazia, "Acheni. Nitaenda."

Niliingia kwake. Alikuwa ameangalia juu, dari yetu yenye rangi iliyobanduka, mkono mzima ukiwa umeushika mkono uliokufa. Nikapiga magoti nikamuuliza kwa kunong'ona kama kweli anataka kwenda.

"Kwani baba yako alitaka?" aliniuliza.

Kaka zangu walimaliza soda zao, wakaja kumbusu kwenye paji la uso mmoja mmoja, wakashuka.

Kabla ya safari jumuiya ya kanisani ilikuja kumwombea. Sijasahau aibu ya siku ile. Akina mama walipanda ngazi na sukari, mchele na kanga mpya, vitu ambavyo watu hubeba wanapokwenda msibani, na mwenye msiba amelala kitandani anawaitikia shikamoo zao. Walilia. Mjane mmoja alimwambia mama akamsalimie mume wake, aliyezikwa mwaka uliotangulia, kisha akagundua alichosema na kujifanya anakohoa. Mama aliwafariji. Aliwaambia anaenda tu kupunga upepo, akawatania kwamba kwaya sasa itapata nafasi ya mtu anayejua noti. Walipoondoka aliniomba maji, akanywa, akalala mpaka asubuhi.

Walioletwa kumteremsha ni makuli wa sokoni, wale wanaobeba marobota ya vitambaa mgongoni. Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakamfunga kiunoni kwa ile kanga mpya, wakashika miguu ya kiti. Watu wale mtaani hupita wakipiga kelele wapishwe. Siku ile walishuka kimya kabisa, na kila mlango uliofunguliwa ulifungwa tena taratibu. Kwenye kona ya mwisho yule aliyekuwa mbele alisimama kupumzika, akamwangalia mama, akasema, "Shikamoo bibi, nisamehe kama nakuumiza." Mama akamwitikia marahaba, akamuuliza kama amekunywa chai.

Jirani yangu wa Lindi alitangulia chini kushika mlango wa gari. Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa, godoro limetandikwa. Mama alikuwa amevaa sweta la kijivu, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka shingoni. Gari lilipoondoka jirani alisimama na mimi kwenye ukingo wa barabara, katikati ya mikokoteni, akafuta mikono yake yenye unga kwenye kanga.

"Sisi kwetu mtu anazikwa alipofia," aliniambia. "Kwa hiyo tunamwacha aishi kwanza."

Hakusema kwa ubaya. Nilipanda juu nikatoa shuka kitandani.

Asubuhi iliyofuata adhana ikaniamsha kama kawaida, na kabla sijajitambua nilikuwa nimechemsha ndoo nzima ya maji. Niliyaogea mwenyewe, nikilia kwa hasira. Wiki ya kwanza nilimpigia mama simu kila asubuhi. Binti aliyetafutwa aliweka simu sikioni mwa mama na mimi niliimba sauti ya kwanza jikoni kwangu, Kariakoo ikinguruma chini, na yeye akaimba sauti ya pili kule juu mlimani, tukipishana kwa sababu mtandao ulichelewesha. Baadaye simu ilikuwa haina chaji. Baadaye bibi alikuwa amelala. Baadaye binti aliondoka, akaja mwingine ambaye hakuona kwa nini mgonjwa aimbishwe alfajiri.

Mwezi wa baba ulipita. Ukapita wa pili. Mama hakufa.

Sitasahau jinsi kaka mkubwa alivyokuwa akiniuliza habari zake. Alikuwa akipita dukani kwangu akienda benki, anaegemea meza ya kioo, anauliza, "Mama anaendeleaje?" kwa sauti ile ile anayoulizia kontena lililokwama bandarini. Nikimwambia anaendelea vizuri, alikuwa anasema Mungu ni mwema, halafu anachezea vifungo vyangu. Alikuwa ameshasafisha kihamba. Alikuwa ameshapaka nyumba rangi kwa ajili ya wageni. Nadhani na yeye alikuwa anateseka, kwa namna yake, na nadhani mateso hayo aliyastahili kabisa.

Nilisema namrudisha mama mjini. Nilisema mara nyingi, kwa kaka zangu, kwa mchungaji, kwa mama mwenyewe kwenye simu. Kaka zangu walisema nataka kuwavua nguo mbele za watu. Mchungaji alisema tuombe. Mama ndiye aliyenifunga mdomo. Aliniambia hakuna mzee aliyepelekwa nyumbani akarudi, na akirudi kila mtu wa kwetu hapo mjini atauliza kwa nini alipelekwa. Alisema hawezi kuwafanyia hivyo watoto wake. Nami nilikuwa na duka, na duka ndilo lililomlipa binti na kununua dawa za presha, kwa kuwa kaka zangu walishamaliza sehemu yao siku walipotoa gari.

Je, niliendelea kusali? Niliendelea. Nilianza kwenda ibada ya alfajiri kwa sababu nilikuwa na saa nzima isiyokuwa na mtu wa kuosha. Nilikaa benchi la nyuma na kumwambia Mungu maneno ambayo sijawahi kumwambia hata mteja aliyerudisha zipu aliyoivunja mwenyewe. Nilimuuliza ni nani aliyemwomba amtie mama nguvu zote hizo, halafu amweke mahali ambapo nguvu hizo zinamwaibisha. Sikujibiwa, na kesho yake nilikwenda tena. Waliokaa mbele yangu waliniona kila siku pale, uso mkavu, wakasema dada huyu ana imani. Huko ndiko sifa yangu ilikoanzia, kama kuna anayetaka kujua.

Desemba ikafika. Desemba sisi wote hupanda, Kariakoo inabaki na wenyeji wake, na barabara ya Moshi inajaa magari yanayotoka Dar. Tulikutana kwa mama, watoto, wajukuu, wakwe, nyumba ikavimba. Kaka zangu walichinja. Kulikuwa na machalari ya ndizi na nyama, kulikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wanaokunywa, na kila aliyekuja alipelekwa kwanza chumbani kumsalimu bibi, kisha akatoka haraka kwenda kwenye nyama.

Nilipomfunua mama kumwosha niliona kidonda. Kilikuwa chini ya kiuno, kipana, na kilikuwa na harufu. Nilitoka uani na kanga yenye usaha mkononi, nikamwonyesha kaka mkubwa mbele ya wageni, nikamwambia kwamba kule ghorofani, kwenye joto na vumbi na kelele, hakuwahi kuchubuka hata mara moja. Alinichukua kwa bega, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye migomba. Alisema tayari ameagiza nesi. Alisema na yeye ni mtoto wa mama. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na sikumhurumia hata kidogo.

Mama alikufa baadaye, Kwaresma, masika ikianza. Tulipanda wote tena, barabara imejaa matope, biashara ya Pasaka tumeiacha nyuma, na kaka wa pili alilalamika njia nzima kuhusu mzigo wake ulioshuka wiki hiyo hiyo. Mchungaji wa kule alitusifu kaburini kwa sababu tulimleta mzazi wetu mapema akakaa na watu wake. Kaka zangu waliinamisha vichwa kwa unyenyekevu. Nilisimama wima, ndiyo maana wakasema sikutetereka. Ukweli ni kwamba siku hiyo haikuwa na kitu kipya kwangu. Mama yangu nilimpoteza mapema Januari, asubuhi ile tuliyokuwa tunajiandaa kurudi mjini.

Asubuhi hiyo magari yalikuwa yanapakiwa uani. Nilikuwa nimemwosha, nimesafisha kidonda, nimemlisha uji. Tuliimba. Sauti yake ya pili ilikuwa imebaki pumzi tu, lakini ilikuwa mahali pake, haikupotea hata noti moja. Halafu akaniambia nimshike mkono, anataka kusali. Nilipiga magoti nikifikiri atawaombea wasafiri, kwa sababu ndivyo alivyofanya kila tulipoondoka.

"Baba," alisema, "wamekuja wote. Umenionyesha wote na nakushukuru. Sasa nichukue leo, wakiwa bado hapa. Usiwaache wafike mjini halafu uwaite tena. Hawa ni watu wa biashara, na watoto wanafungua shule. Nimewasubirisha vya kutosha. Kwa jina la Mwanao."

Akasubiri nimwitikie. Nilikuwa nimeziitikia sala za mama tangu sijajua kusoma, zile ndefu, zile za usingizi, zile ambazo sikuzisikiliza, na sikujua kwamba neno hilo linaweza kumkwama mtu. Nje mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo, na kaka yangu akauliza kama ndizi zimefungwa vizuri. Mama alifumbua macho akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kwa uvumilivu, kama mtu aliyekwisha kuelewa kwamba na kazi hii atabaki nayo peke yake.

"Amina," akasema mwenyewe. Kisha akaniomba nimgeuzie ukutani, ili wakija kumuaga wamkute amelala.

Nikamgeuza.